Kivumbasi kwenye maharage: ni nani hasa anayemfukuza fukusi?

Swali: "Ugonile mwalimu, na shikamoo. Naandika kutoka Tukuyu. Tangu nikiwa mdogo namwona mama, akishavuna maharage, huyachanganya na majani ya kivumbasi kabla ya kufunga gunia. Maharage yake hukaa mpaka msimu mwingine bila kutobolewa. Mwaka jana na mimi nilinunua gunia moja sokoni, nikachuma kivumbasi kibichi kingi kuliko hata anachoweka yeye, nikachanganya, nikafunga. Kufika mwezi wa tatu gunia zima ni unga na wadudu. Nilikosea wapi? Mama huyo huyo huwafukiza wajukuu kwa kivumbasi wakikohoa, na mjomba anasema ukikipaka kwenye nyama haiozi. Kipi cha kweli na kipi ni mazoea tu? Na nikitaka kuwa nacho hapa nyumbani nakipandaje?"

Jibu:

Marahaba mwanangu, na ndaga fijo, asante sana, kwa kutaja neno "sokoni". Usingelitaja ningezunguka sana kabla ya kulipata tatizo.

Mama yako hakukudanganya, na jani lenyewe lina kitu ndani. Ila ulichokopa kwake ni jani peke yake, ukaacha mambo mengine manne au matano anayoyafanya kila mwaka bila kuyatangaza kwa sababu kwake si dawa, ni kazi ya kawaida ya mavuno. Nimekaa na kina mama wengi wa Rungwe, Mbozi na Njombe wakati wa kuhifadhi. Ukiwauliza wanatumia nini watakujibu "kivumbasi". Ukikaa kimya ukatazama mikono yao utaona mengine. Maharage yao wanang'oa mapema, mara tu maganda yanapogeuka rangi. Yanaanikwa na maganda yake. Yanapurwa, yanapepetwa kwenye ungo, na kila punje yenye tundu au alama inatolewa. Yanaanikwa tena juani. Baadhi yao wanaongeza majivu ya jikoni yaliyochekechwa. Gunia linawekwa juu ya uchaga, karibu na moshi. Ndipo, mwisho kabisa, linakuja jani. Sifa zote zinakwenda kwa jani kwa kuwa ndilo linalonukia.

Sasa mtazame mdudu mwenyewe, maana ukimjua utaelewa kwa nini gunia lako lilikuwa limekwisha hata kabla hujalifunga.

Fukusi wa maharage anayetusumbua zaidi huku kwenye baridi ni mdogo, milimita tatu mpaka nne, wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na mabawa yake ya juu ni mafupi, kitako kinabaki nje kama mtu aliyevaa shati fupi. Huyu hasubiri ghalani. Anaanzia shambani, anataga kwenye maganda yanayoanza kukauka, na akiingia ghalani anaendelea kutaga, akiyamwaga mayai ovyo katikati ya punje bila kuyabandika. Yai likianguliwa hutoka buu mdogo sana, anatafuta mahali pa kutoboa, anaingia ndani ya harage na humo anakula na kukua. Kabla ya kutoka hukwangua ukuta kwa ndani mpaka ubaki utando mwembamba wa ganda, wa mviringo, kama dirisha la kioo. Shika harage kwenye mwanga uliangalie: ukiona kiduara hicho kilichofifia, yumo. Kwenye joto la Kyela safari yote hiyo huchukua kama mwezi mmoja. Kwenye baridi ya Tukuyu au Makete inachukua miezi miwili au zaidi. Ndiyo maana maharage ya sokoni yanaweza kuonekana safi siku unayonunua, halafu wiki nane baadaye yakalipuka yote kwa pamoja.

Na hapa ndipo pa kukisikitikia kivumbasi. Harufu yake inampata mdudu mzima anayetembea nje ya punje, na kwa kiasi fulani inapunguza mayai. Buu aliyekwisha kujifungia ndani ya harage habari hiyo haimfikii. Gunia ulilonunua lilikuwa na mabuu tayari, wewe ukawafungia na kuwapulizia manukato mlangoni.

Kosa la pili ni ule ubichi. Hili nalijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kijana mwenye cheti na maneno mengi, nilijaza debe la maharage yangu mwenyewe na matawi mabichi ya kivumbasi nikiamini mabichi yana nguvu zaidi. Nilipofungua baada ya wiki tatu hapakuwa na fukusi hata mmoja, kweli, lakini palikuwa na harufu ya chumba kilichofungwa na ukungu wa kijani uliogandisha punje vifundo vifundo. Jani bichi sehemu kubwa ni maji. Ukiweka kilo mbili za majani mabichi ndani ya gunia umemimina humo zaidi ya lita moja ya maji polepole, na maharage yanayanywa. Niliyatupa yote. Sikumwambia mtu.

Ukungu ni tatizo baya kuliko fukusi. Fukusi anakula chakula chako. Baadhi ya ukungu unaacha sumu, na sumukuvu haionekani kwa macho, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 takribani watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoathirika zaidi, maharage kidogo, lakini kama mama anatumia mbinu hiyo hiyo ya majani kwenye mahindi, basi majani yawe makavu ya kuvunjika mkononi.

Kwa hiyo kabla ya jani lolote pima ukavu. Maharage yanataka unyevu usiozidi asilimia 13, mahindi vivyo hivyo au pungufu kidogo ya 13.5. Kipimo cha mashine si wengi wanacho, ila kuna kile cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia chumvi ya kawaida vijiko vichache (nayo iwe kavu, uiweke juani au jikoni kwanza), kisha tia punje mpaka robo au theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie kama dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, bado kuna unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, rudisha juani. Ikianguka yote chini, uko karibu na mahali salama. Kule kwenu ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na jua la mavuno ni la kuazima, kipimo hiki kitakuokoa kuliko kivumbasi cha mlima mzima.

Turudi kwenye jani sasa. Kivumbasi ninachokizungumzia, ambacho wengine wanakiita kivumbasha, ni kichaka cha ukoo mmoja na mrehani na nanaa. Kinafika urefu wa mtu, shina lake chini ni gumu kama mti na juu lina pembe nne, ukilizungusha kati ya vidole unazihisi. Majani yana meno pembeni na manyoya mepesi. Maua ni madogo, meupe yanayoelekea kijani, yamepangwa kwa mizunguko kwenye kishada kirefu. Kinaota kando ya barabara, kwenye mashamba yaliyoachwa na pembezoni mwa misitu. Majina ya kilugha yanabadilika kila ukivuka mto, kwa hiyo usiliamini jina, iamini pua. Pondaponda jani moja: likinukia kama karafuu, ndicho. Si bahati mbaya, maana kitu kinachonukia humo, yujenoli, ndicho kile kile kilichomo kwenye karafuu za Pemba, na ndicho madaktari wa meno wanachochanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Kuna ndugu yake mwingine ambaye harufu yake ni ya kafuri, kali, kama dawa ya kupaka kifuani. Huyo naye anafanya kazi, kwa namna yake. Na kuna mrehani wa kupandwa, mpole zaidi. Ukitaka kuwatofautisha, lowesha mbegu: za mrehani huvaa ute mzito kama mayai ya chura, za kivumbasi zina ute kidogo tu.

Usikichanganye na ile lantana yenye maua ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, inayopandwa kama ua na sasa imeshika vilima. Nayo shina lake lina pembe nne na jani lake linanuka, watu hukosea. Ile ina vimiba vidogo, jani lake linakwaruza kama msasa, na ng'ombe akiila inamuumiza ini.

Kwamba kivumbasi kinamsumbua fukusi si hadithi. Huko Nairobi watafiti waliitenga yujenoli kutoka kwenye kivumbasi na katika miaka ya 1990 wakaijaribu pamoja na majani yake kwa fukusi wa mahindi na wenzake: inafukuza, na ikiwa nyingi inaua. Rwanda wakulima huweka majani makavu ya ndugu yake mmoja kwenye maharage, na utafiti uliochapishwa 1991 uliwafuata ukaona kitu ambacho ningependa ukishike: majani yaliyosagwa muda huo huo yaliua fukusi wengi, majani mazima yalifanya kazi hafifu zaidi. Sababu iko wazi. Mafuta yamefungwa kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani. Usipolivunja jani, yanatoka kidogo kidogo. Ukilivunja yanatoka yote kwa pamoja, na ndani ya siku na wiki chache yamepaa. Unachagua kati ya nguvu na muda. Vyote viwili jani hili halina.

Kiasi nacho kinawapiga chenga wengi. Majaribio mengi yanatumia unga wa majani kama sehemu mbili kwa mia ya uzito wa nafaka. Piga hesabu: gunia la kilo 100 linataka kilo mbili za unga mkavu. Ili upate kilo mbili kavu unahitaji kuchuma kilo nane mpaka kumi mbichi. Huo ni mzigo wa kichwani, tena kwa gunia moja, na baada ya mwezi harufu imefifia unatakiwa urudie. Konzi mbili za mama yako kwenye gunia hazifiki hata robo kilo. Ndiyo maana nasema hapo gunia lake lililindwa na jua, ungo, majivu na moshi, na jani likapokea hongera.

Je, nakuambia uliache? Hapana. Nakuambia ulipeleke panapolitosha: kwenye mbegu na kwenye akiba ndogo ya jikoni. Kilo tano za mbegu zinataka gramu 100 tu za unga, kiasi cha bakuli. Debe moja linataka theluthi ya kilo. Hapo kivumbasi kinalipa.

Chuma kikianza kutoa maua, asubuhi umande ukishakauka. Anika kivulini penye upepo, kwenye chandarua cha zamani au kamba, usikianike juani kwa sababu jua litakula kile kile unachokitafuta. Siku nne tano, mpaka jani livunjike kwa sauti. Litoe kwenye vijiti. Litunze likiwa zima, na ulitwange kwenye kinu siku ile ile unayochanganya, si kabla. Changanya na maharage yaliyochambuliwa, yaliyopimwa kwa chumvi, kwenye chombo kinachofunga vizuri, dumu la plastiki kwa mfano, maana kwenye gunia la katani harufu inatoka kama maji kwenye chekeche. Kila baada ya wiki nne fungua, nusa. Ukisikia vumbi tu bila karafuu, twanga mengine. Siku ya kupika, pepeta na uoshe, na maji ya kwanza ya kuchemsha umwage. Ladha kidogo inaweza kubaki. Wanangu waliizoea, mgeni mmoja aliniuliza kama nimeweka karafuu kwenye maharage.

Na kwa kuwa una dumu, nikupe jambo ambalo halihitaji jani kabisa, na ambalo nalipenda kuliko yote kwa sababu ya urahisi wake. Yule buu mdogo akianguliwa anahitaji saa nyingi, karibu siku nzima, kutoboa ganda la harage. Ni mdogo mno, hana nguvu ya kutoboa akiwa wazi, kwa hiyo anajibana pale punje mbili zinapogusana, anaegemea moja ili aitoboe nyingine. Sasa wewe lijaze dumu nusu tu. Asubuhi ligaragaze sakafuni mizunguko michache, jioni tena. Kila ukiligaragaza punje zinahama, yule buu anapoteza mahali pake pa kuegemea, tundu alilolianza linabaki huko, anaanza upya, anachoka, anakufa. Utafiti mwingine wa 1991 ulionyesha kwamba kwa kugeuza hivyo tu fukusi walipungua karibu wote. Wape watoto kazi hiyo kabla ya kwenda shule. Haisaidii kwa mabuu waliokwisha kuingia ndani, kwa hiyo anza siku ya kwanza, na anza na maharage yaliyopata jua kali.

Jua hilo liwe la kweli. Tandaza turubai jeusi, maharage yawe tabaka jembamba, na ukipata nailoni inayopitisha mwanga funika juu, bana kingo kwa mawe. Katikati ya mchana joto ndani ya hapo linapita nyuzi 50 na mabuu ndani ya punje wanaiva. Kwa maharage ya kula ni safi. Kwa mbegu usirudie rudie, kiini kisije kikaungua nacho.

Kwa gunia zima la kilo 100, mwanangu, nunua mfuko wa kinga njaa. Una mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya wa nje. Ukifungwa vizuri, wadudu waliomo wanaimaliza hewa wao wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Hata maharage ya sokoni yenye mabuu yangenusurika humo. Adui wake ni panya, akitoboa shimo moja umerudi mwanzo. Wala usitie kivumbasi ndani yake. Vijiti vyake vitakutobolea nailoni bure.

Kama kwenu mnahifadhi na mahindi, jua kuwa dumuzi ni mtu mwingine. Yule aliingia nchini kutoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza Tabora kuelekea miaka ya 1980, na meno yake yanatafuna mpaka mbao za kihenge. Sijawahi kuona unga wa majani ukimshinda. Hapo ni kupukuchua mapema na mfuko usiopitisha hewa, au dawa ya unga iliyosajiliwa kwa kipimo cha kwenye pakiti.

Sasa kikohozi cha wajukuu. Mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu zilirudi mijini kwa kishindo, hata waliokuwa wanamcheka bibi walijifunika blanketi. Mvuke wenye harufu ya kivumbasi unamfanya mtu mwenye mafua ajisikie pua imefunguka, na yujenoli kweli inazuia bakteria kadhaa na ukungu ikiwa kwenye sahani ya maabara. Kutoka sahani ya maabara mpaka mapafu ya mtoto ni mbali. Mvuke hautibu nimonia. Na nyungu ya maji yanayochemka chini ya blanketi moja na mtoto wa miaka mitatu anayerusha miguu, mimi naiogopa kuliko kikohozi chenyewe. Watoto wanaungua hivyo. Akitaka harufu, mama afikiche majani aweke kwenye beseni la maji ya moto mbali na kitanda, chumba kinukie, basi.

Mkubwa mwenye mafua anaweza kunywa chai ya majani matano sita kwenye kikombe, haina shida. Huko Nigeria jani hili hili ni mboga, wanalitia kwenye mchuzi na supu ya pilipili siku zote, kwa hiyo kwa kiasi cha chakula halina ubaya. Kiasi cha dawa ni jambo jingine. Yujenoli nyingi inafanya damu isigande upesi, kwa hiyo anayetumia dawa za kuyeyusha damu au anayesubiri upasuaji asinywe maji mazito ya kivumbasi. Majani haya yameshusha sukari kwa panya wa maabara. Mwenye kisukari aliye kwenye dawa asiyaongezee kimyakimya. Mjamzito ayaachie kwenye mboga tu. Na yale mafuta yaliyokamuliwa yanayouzwa kwenye vichupa, mtoto asiyanywe kabisa: kuna watoto walioharibika ini kwa kunywa mafuta ya karafuu, na kiini chake ni hicho hicho.

Mwambie mama ajifunze kuhesabu pumzi, atalipenda hili kwa sababu ni la macho na saa. Mtoto akiwa ametulia, inua nguo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Ukikuta hivyo, au kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta, au ameshindwa kunyonya, nyungu iepuliwe na safari ya kituo cha afya ianze saa hiyo hiyo. Kwa mtu yeyote, kikohozi cha wiki mbili ni cha kupima kifua kikuu.

Kuna wanaokichoma ndani kufukuza mbu, hasa wakishuka Kyela. Mbu wanapungua kweli, imepimwa kule kaskazini mwa nchi. Ila moshi ule ule ndio unaowakohoza wajukuu. Chandarua.

Mjomba na nyama yake nitamjibu kwa ufupi: hapana. Kukisugua kivumbasi juu ya nyama kunawafukuza nzi kwa saa chache na kunaificha harufu ya kuanza kuharibika, jambo ambalo ni baya, kwa sababu pua ndiyo ilikuwa mlinzi wako. Nyama inahifadhiwa kwa chumvi, kwa kukaushwa vipande vyembamba juu ya moshi, au kwa baridi. Akishaikausha, kivumbasi kikaja kama kiungo, nitakuja kula.

Kukipanda ni rahisi mno. Mvua za Novemba zikishakolea, kata kijiti chenye unene wa penseli kutoka kwenye kichaka ulichokwisha kukinusa, urefu wa shubiri moja, toa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye udongo. Ukitumia mbegu zinyunyizie juu ya udongo bila kuzifukia, ni ndogo kama vumbi na ukizizika hazitoki. Kipe nafasi ya hatua moja kila upande, nyuma ya jiko ni pazuri. Kikifika kiunoni kikate kichwa kitanue matawi. Acha vishada viwili vitatu vimalize maua, nyuki wanavipenda sana, na kama jirani yako ana mizinga atakuja mwenyewe kukuomba mbegu.